Ardhi Njema Haijulikani kwa Macho

Mtu mwenye vipande viwili vya nguo, kimoja kizito na kizuri, na kingine kilichochakaa, hatakichukua kile kizuri akakikata kuwa tambara la kufutia sufuria. Kila mmoja wetu ajua hivyo bila kufundishwa. Walakini katika mambo ya ardhi watu wengi hutenda kinyume. Huchukua udongo mweusi wa bondeni, ulio bora kuliko wote, wakaufunika kwa mawe na saruji, kisha wakapanda mlimani na majembe yao kutafuta chakula katika changarawe. Nguo ikiharibika, yaweza kununuliwa nyingine. Lakini udongo uliofunikwa kwa saruji haurudi kuwa shamba katika maisha ya mtu mmoja.

Katika somo hili tutajifunza jinsi ubora wa ardhi unavyopimwa kabla ya kuamua mahali pa kulima na mahali pa kujenga. Mifano mingi tutaitoa katika nchi yetu ya Lushoto na milima ya Usambara, kwa sababu milima hii imeona maamuzi mengi ya ardhi, mema na mabaya, na yote yana mafundisho.

1. Wazee walivyoipanga nchi

Wasambaa wa zamani waliigawa nchi katika sehemu mbili kubwa. Sehemu ya juu, yenye mvua, baridi na migomba, waliiita Shambaai. Sehemu ya chini, yenye joto na ukame, waliiita nyika. Kila sehemu ilikuwa na mimea yake na hatari zake.

Vijiji vyao vilijengwa juu ya mabega ya vilima. Nyumba zilizungukwa na migomba, na migomba ilistawi kwa sababu taka za jikoni na samadi ya mifugo zilitupwa papo hapo. Bonde lenye maji liliachwa kuwa shamba. Tena, kila mwenye nyumba alitamani kuwa na mashamba mahali mbalimbali: moja karibu na nyumba, moja bondeni, na jingine hata kule nyikani kama njia haikuwa ndefu mno. Maana ukame uuao mahindi ya nyikani huenda usiyafikie ya mlimani, na mvua kubwa iozeshayo maharagwe ya bondeni huenda ikayafaa ya mteremkoni. Kwa sababu hiyo vijiji vingi vilikuwa karibu na ukingo wa milima, ili watu wapate kulima juu na chini.

Wazee hao hawakuwa na ramani ya karatasi. Hata hivyo walikuwa na mpango, na mpango wao ulisimama juu ya maarifa haya: kila ardhi ina kazi inayoifaa. Maarifa hayo ndiyo msingi wa yote tutakayosoma.

2. Msitu uliowadanganya wageni

Katika miaka ya 1890, wakati wa Wadachi, wageni kutoka Ujerumani walifika Usambara ya Mashariki wakitafuta mahali pa kulima kahawa. Wakaona msitu wa ajabu. Miti ilikuwa mirefu na minene, na chini yake palikuwa na giza hata wakati wa mchana. Mvua ilinyesha karibu mwaka mzima. Huko Amani hushuka karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Wageni wakawaza mioyoni mwao hivi: ardhi inayoweza kulisha miti mikubwa namna hii haitashindwa kulisha mibuni.

Basi wakakata msitu, wakafanya mashamba makubwa, na Derema lilikuwa mojawapo. Miaka ya kwanza mibuni ilionekana kustawi. Baadaye ikadhoofika, mavuno yakapungua, na mashamba mengi ya kahawa yakaachwa. Fedha nyingi zilipotea, na msitu uliokatwa haukurudi.

Kosa lilikuwa wapi? Udongo wa milima ile ni wa zamani sana. Mvua ya maelfu ya miaka imeosha chakula cha mimea na kukipeleka chini au mtoni, na udongo uliobaki ni mchachu. Chakula kilichosalia kimo ndani ya miti yenyewe na katika tabaka jembamba la majani yaliyooza juu ya ardhi. Jani huanguka, huoza, na mizizi hulinyonya tena mara moja. Msitu ule ni kama mtu anayeishi kwa akiba ndogo anayoizungusha kwa busara: anaonekana tajiri, lakini ukimnyang'anya akiba yake siku moja, huna utakalokuta sandukuni. Wageni walipoikata miti waliiondoa akiba, na kilichobaki hakikuweza kulisha mibuni kwa miaka mingi.

Mwaka 1902 Wadachi walianzisha kituo cha uchunguzi wa mimea na kilimo huko Amani, nacho kikawa mashuhuri sana katika Afrika. Siku hizi, ukipita Kwamkoro au Bulwa, utaona chai imetanda vilimani kama zulia la kijani. Chai yapenda udongo mchachu. Hapa pana mafundisho mawili. La kwanza, uzuri wa juu si ushahidi wa uzuri wa chini. La pili, ardhi moja yaweza kuwa mbaya kwa zao hili na njema kwa zao lile. Hata nyika kavu iliyo chini ya milima yetu, isiyofaa kahawa wala migomba, ilikuwa ardhi njema kwa mkonge, mmea ulioletwa nchini na Dkt. Richard Hindorf mwaka 1893. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Shamba hili ni zuri," yakupasa umwulize, "Zuri kwa kazi gani?"

3. Mambo sita yanayopimwa

Watu wenye kazi ya kupima ardhi huangalia mambo mengi, lakini yaliyo makubwa ni sita. Kila mwanafunzi aweza kuyajua.

Kwanza, kina. Chimba shimo. Je, unafika kwenye mwamba au changarawe baada ya shubiri moja, au jembe laingia hadi kiunoni? Mizizi yahitaji nafasi, na udongo mwembamba hukauka upesi.

Pili, namna ya udongo. Chukua konzi ya udongo, ulowanishe, uusokote kati ya viganja. Ukikatika mara moja, una mchanga mwingi, na maji hupita ndani yake kama katika chujio. Ukisokoteka kama kamba na kung'aa, ni wa mfinyanzi. Hushika maji, lakini ukikauka huwa mgumu. Ulio katikati, ule tifutifu, ndio wapendwao na wakulima wengi.

Tatu, maji. Shamba lapata maji kutoka wapi, nayo yatoka kwa njia gani? Bonde lenye kijito au mfereji hutoa mboga hata wakati wa kiangazi. Lakini bonde ambalo maji hutuama bila kutoka huozesha mizizi.

Nne, mteremko. Kadiri mteremko unavyokuwa mkali, ndivyo mvua inavyopata nguvu ya kuchukua udongo. Shamba lililo zuri mwaka huu laweza kuwa mifupa mitupu baada ya miaka kumi, kama halikukingwa.

Tano, rutuba na uchachu. Mambo haya hayaonekani kwa macho. Yataka udongo upelekwe kwa wataalamu wenye vyombo. Katika mkoa wetu wa Tanga kipo kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, kinachojulikana nchini kwa kazi ya kuchunguza udongo.

Sita, hali ya hewa. Mvua, jua na baridi ni sehemu ya ubora wa ardhi. Kabichi, karoti na mapeasi ya Lushoto hustawi kwa sababu ya ubaridi wa juu. Udongo uo huo ukiupeleka Mombo hautazaa matunda yale yale.

Baada ya kupima, wataalamu huipa ardhi daraja. Mwaka 1976 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kitabu cha utaratibu wa kupima ardhi, ambao umetumika katika nchi nyingi. Kwa utaratibu huo, ardhi huwa yafaa sana, au yafaa kwa kiasi, au yafaa kidogo, au haifai. Tena daraja hilo hutolewa kwa kazi iliyotajwa. Kipande kimoja chaweza kuandikwa "haifai" kwa mahindi na "yafaa sana" kwa miti. Huko Uingereza, tangu miaka ya 1960, ardhi ya kilimo imegawanywa katika madaraja 5; baadaye daraja la 3 likagawanywa mara mbili. Madaraja 1 na 2, pamoja na sehemu ya juu ya la 3, huhesabiwa kuwa ardhi bora. Mtu akitaka kujenga nyumba nyingi juu ya ardhi bora, wapangaji humwuliza kwanza kama haipo ardhi duni itakayofaa kazi hiyo.

4. Waliopima kwa haraka

Huenda mwanafunzi akasema, "Sisi tu maskini; lakini mwenye fedha na mashine hahitaji kusumbuka na mashimo na konzi za udongo." Jibu liko Kongwa.

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma watu Tanganyika kuchungua nchi ifaayo kwa karanga, kwa maana baada ya vita Waingereza walikosa mafuta ya kula. Watu hao walifanya kazi yao kwa majuma machache tu, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka angani ndani ya ndege. Mwaka 1947 kazi ilianza kwa matrekta na watu wengi. Kumbe udongo wa Kongwa una mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama tofali, hata karanga zikashindwa kung'olewa, na majembe ya chuma yakalika. Tena mvua ya huko haina uhakika. Wagogo, wenyeji wa nchi hiyo, walikuwa wakiijua hali ya mvua na udongo wao tangu zamani. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara yake ilikuwa karibu pauni milioni 36. Mashimo machache yaliyochimbwa kwa subira, na maswali machache kwa wazee wa mahali, yangekuwa na bei ndogo kuliko hiyo.

5. Waliopima bila kusikiliza

Turudi sasa milimani kwetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Kiingereza iliona kwamba udongo wa Usambara unachukuliwa na mvua. Katika hilo haikukosea. Mwaka 1946 ilianza mpango wa kuokoa ardhi katika bonde la Mlalo, na mwaka 1950 mpango ukaenezwa mahali pengine pa Usambara. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta, kuacha kulima miteremko mikali, na kupunguza mifugo. Asiyetii aliadhibiwa.

Watu wakachukia. Kuinua matuta juu ya mlima ni kazi ngumu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iliwaangukia wanawake, ambao tayari walikuwa na kuni, maji na watoto. Mtu ambaye shamba lake lote liko kwenye mteremko mkali hakuonyeshwa mahali pengine pa kulima. Tena wengi waliogopa kwamba ardhi ikiisha kutengenezwa itachukuliwa na wageni. Upinzani ukakua mwaka hata mwaka, na kufika mwaka 1958 mpango ulikuwa umeachwa.

Twajifunza nini? Waliopanga waliupima mteremko, lakini hawakupima mambo ya yule aliye juu ya mteremko: anakula nini, ana nguvu kiasi gani, na akiondolewa hapo ataenda wapi. Daraja la ardhi ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni watu.

Mwaka 1981 ulianza Lushoto mradi mwingine wa kuzuia mmomonyoko, uliofanywa na Serikali ya Tanzania pamoja na Wajerumani. Huu ulitia mkazo juu ya mistari ya majani na miti inayofuata usawa wa mlima. Majani kama yale ya Guatemala hushika udongo, tena hukatwa yakalisha ng'ombe aliyefungwa zizini, na ng'ombe hutoa samadi ya kurudisha shambani. Mkulima aupandaye mstari huo hapotezi ardhi bure. Hupata maziwa na samadi. Mpango wa ardhi hushikwa na watu unapowapa kitu mkononi.

6. Mahitaji mawili juu ya kiwanja kimoja

Tufikie sasa jambo lililo gumu kuliko yote. Kupima ardhi si vigumu sana. Kazi ngumu ni kuamua, wakati mambo mawili mema yanapotaka mahali pamoja.

Nchi ya Lushoto ni ya milima, na mahali tambarare ni pachache. Mahali hapo pachache pako bondeni, karibu na maji na barabara. Mkulima wa mboga apataka, kwa sababu udongo ni mweusi na wenye kina, na gari la kupeleka nyanya na kabichi Mombo hadi Dar es Salaam hufika karibu. Mjenzi naye apataka, kwa sababu hahitaji kuukata mlima wala kujenga kuta za mawe. Wote wawili wana haki ya kusema. Na pasipokuwa na mpango, mara nyingi mjenzi hushinda, kwa kuwa nyumba moja huita nyingine, na baada ya miaka michache bonde limekuwa mtaa.

Sheria za nchi zimeweka njia ya kuamua. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na mambo makubwa hupelekwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaeleza jinsi kijiji kinavyoweza kufanya mpango wake: mahali pa makazi, pa kilimo, pa malisho, pa msitu, na pa akiba kwa ajili ya watoto watakaokuja. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ziwezazo kuudhuru mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Na mtu ambaye ardhi yake inatwaliwa kwa ajili ya watu wote, anastahili fidia kamili, ya haki, na isiyocheleweshwa.

Ili tuone jinsi mambo haya yanavyofanya kazi, tuwaze kijiji kimoja cha milimani kinachotaka kujenga zahanati. Watu wamekusanyika mkutanoni. Fundi mmoja asimama.

"Mwenyekiti, mimi nasema tujenge bondeni. Pale ni tambarare, barabara ipo, maji yapo. Mlimani tutahitaji kuta za mawe. Fedha hizo tutazitoa wapi?"

Watu wengi wakapiga makofi. Ndipo mama mmoja mzee akaomba ruhusa.

"Mwenyekiti, wanangu, nisikilizeni. Msidhani kwamba naipinga zahanati. Mtoto wangu wa tatu nilimzaa njiani, katika mvua, nikibebwa kwa machela, na mtoto huyo hakuishi. Naitaka zahanati kuliko ninyi nyote. Lakini bonde lile ndilo lililowalipia ada watoto wangu waliobaki. Kiangazi mlima mzima huwa mkavu, na kule chini twavuna kabichi. Mkilifunika, mtu atapona homa katika zahanati yenu, kisha atarudi nyumbani asikute chakula."

Mkutano ukawa kimya. Afisa wa ardhi aliyetoka wilayani akasimama, akasema, "Mama amesema kweli, na fundi naye amesema kweli. Basi tusiulize nani ameshinda. Tuulize maswali manne. La kwanza: je, jengo hili ni lazima liwe pale, au laweza kufanya kazi yake mahali pengine? La pili: je, iko karibu ardhi iliyo duni kwa kilimo? La tatu: tukikosea, je, hasara yaweza kurudishwa? La nne: ni nani atakayepoteza, naye atapewa nini?"

Wakatoka wote wakaenda kutazama. Kule bondeni walichimba, jembe likaingia futi 3 bila kugusa jiwe. Juu ya bega la kilima palikuwa na changarawe, lakini wagonjwa wangepanda kwa shida, na wakati wa masika njia huteleza. Hatimaye kijana mmoja mchungaji akawaonyesha mahali pa tatu, chini ya kilima, hatua mia mbili kutoka barabarani. Palikuwa na mteremko mdogo na mawe mengi, na shubiri moja chini palikuwa na mwamba. Hapo watu walikuwa wakipanda mihogo tu, nayo ilikuwa mibovu. Fundi akapatazama, akagonga mwamba kwa nyundo, akasema, "Msingi wa hapa hautazama. Ukuta wa mawe utahitajika upande mmoja tu."

Hata hivyo gharama haikukosekana. Njia ya kuingilia ilikata vipande vinne vya mboga, na wenye vipande hivyo walikuwa na majina na watoto. Mkutano ukaandika majina yao, ukapima vipande vyao, ukaamua walipwe kabla ya jembe la kwanza kupigwa. Mama mzee akasema, "Sasa naweza kupiga kura." Akainua mkono.

Angalieni vizuri, wanafunzi. Mkutano huu haukusema kwamba shamba daima ni bora kuliko jengo. Kama mahali pa tatu pasingepatikana, huenda zahanati ingejengwa bondeni, na ingekuwa haki, maana uhai wa mama na mtoto hauna bei. Lakini wasingejua kama mahali pengine pangepatikana kama wasingetafuta. Kazi ya kupima ubora wa ardhi ni kulazimisha watu watafute kwanza.

7. Wanafunzi waliochora nchi nzima

Msidhani kwamba kazi hii ni ya wakubwa peke yao. Mwaka 1930 mtaalamu wa jiografia wa London, aitwaye Dudley Stamp, alitaka kujua kila shamba la Uingereza linatumika kwa kazi gani. Hakuwa na fedha za kuajiri wapimaji wa kutosha. Akaziomba shule zimsaidie. Waalimu na wanafunzi wengi sana wakatoka na ramani mikononi, wakaenda shamba kwa shamba, wakiandika alama: hapa palimwa, hapa ni malisho, hapa ni msitu, hapa ni nyumba. Ramani zilizotokana na kazi yao zilisaidia serikali wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipohitaji kujua wapi waongeze chakula, na baada ya vita zilisaidia kupanga mahali pa kujenga miji bila kula mashamba yaliyo bora.

Wanafunzi wale walikuwa na penseli, miguu na macho. Ninyi nanyi mnavyo vitu hivyo. Tena mna kitu kimoja zaidi: mna babu na bibi wanaokumbuka ni shamba lipi lilizaa mwaka wa njaa, na ni mteremko upi ulioporomoka mwaka wa mvua kubwa. Mambo hayo hayamo katika kitabu chochote. Msipoyaandika, yatakwenda kaburini pamoja na wenyewe.

Mungu alituumbia udongo, lakini hakutuumbia mwingine wa akiba. Sisi twaukuta, twautumia, kisha twawaachia wengine. Siku moja ninyi mtaketi katika mkutano wa kijiji, na mtu atasimama na kusema, "Tujenge hapa." Siku hiyo msitazame kijani kilicho juu tu. Chukueni jembe, chimbeni, kisha mwulizeni anayelima pale.

Maneno ya kujifunza

Mmomonyoko: kuchukuliwa kwa udongo na maji au upepo.
Mchachu (wa udongo): wenye asidi nyingi.
Tifutifu: udongo laini, ulio kati ya mchanga na mfinyanzi.
Mdhamini: mtu aliyewekewa mali ya wengine aitunze kwa faida yao.
Fidia: malipo ya kitu kilichotwaliwa au kuharibiwa.

Maswali

1. Kwa nini Wasambaa wa zamani walitaka mashamba mahali mbalimbali?
2. Msitu wa Usambara ya Mashariki uliwadanganyaje waliotaka kulima kahawa? Eleza kwa nini chai yastawi pale ambapo kahawa ilishindwa.
3. Taja mambo sita yanayopimwa katika ardhi. Ni yapi uwezayo kuyapima mwenyewe bila vyombo vya wataalamu?
4. Kosa la Kongwa na kosa la Mlalo hayakuwa ya namna moja. Eleza tofauti yake.
5. Katika mkutano wa kijiji, je, fundi alikosea? Je, mama mzee alikosea? Toa sababu.
6. Kama mahali pa tatu pasingepatikana, wewe ungepiga kura gani? Andika sababu zako katika mistari kumi.

Kazi ya nje

Gawanyikeni watu wanne wanne. Kila kundi lichore ramani ya eneo lililo karibu na shule, likionyesha mashamba, malisho, miti, nyumba na vijito. Chagueni mahali patatu: bondeni, mteremkoni na juu ya kilima. Mkiisha kupata ruhusa ya mwenye shamba, chimbeni shimo dogo katika kila mahali, pimeni kina cha udongo mweusi, usokoteni udongo viganjani, na kuandika mliyoyaona. Kisha mwulizeni mtu mzima anayelima hapo maswali mawili: "Shamba hili lazaa nini vizuri?" na "Limebadilikaje tangu ulipokuwa mtoto?" Fukieni mashimo yenu kabla ya kuondoka, na kumshukuru mwenye shamba.